Sketi Iliyonasa kwenye Cheni

Doa la girisi lilikataa kutoka. Bi Maimuna aliupaka upindo wa sketi sabuni ya mche, akausugua kwa kumvi la nazi, akausuuza na kuuinua juani autazame. Doa lilikuwa pale pale, jeusi, lina meno kama ya msumeno, mahali cheni ya baiskeli ilipouma. Akairudisha sketi kwenye beseni. Mikono yake ilikuwa imechoka, lakini si kwa kufua. Kufua hakujawahi kumchosha.

Alifulia nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa makuti, kwa sababu mbele hakuwa na ruhusa ya kukaa. Alikuwa kizuka. Mumewe Bashiru alikuwa amezikwa, na mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hapaki wanja wala hina, hajifukizi udi, haonekani na wanaume wasio maharimu wake, wala havuki kizingiti ila kwa haja ambayo hana wa kumtimizia. Bi Maimuna aliyajua hayo tangu kwa mama yake, na hakuyaona mzigo. Alikuwa ameishi na Bashiru kwa wema, na kumkalia eda ilikuwa kama kumsindikiza hatua chache za mwisho. Mzigo wake ulikuwa mwingine, nao ulikuwa wa kitambaa cha bluu.

Binti yao Nusaiba, mtoto pekee Mungu aliyewajaalia, alikuwa kidato cha nne katika shule iliyo kwenye barabara ya kwenda Nangurukuru. Alikuwa akienda kwa baiskeli ya baba yake. Sketi za wasichana wa pale zilikuwa pana, za kufika kwenye vifundo vya miguu. Ndivyo wazazi wa Kivinje walivyotaka siku zote, na hapakuwa na aliyewahi kuwauliza. Asubuhi moja, mbele ya geti la shule, upindo ukaingia kwenye cheni. Baiskeli ikalala chini, mtoto akalala nayo, na kadiri alivyojivuta ndivyo cheni ilivyozidi kumeza kitambaa na kumng'ata muundi. Mkuu wa shule, Mwalimu Justa, alitoka ofisini mbio na mkasi, akapiga magoti vumbini, akaikata ile sketi toka upindoni hadi karibu na goti. Mtoto akanasuka. Mwalimu akamfunga kitenge chake mwenyewe, akamwitia bajaji, akapelekwa zahanati. Ndiyo hayo, hayakuwa na mengine.

Lakini habari haina miguu, inabebwa, na kila anayeibeba huiongezea kuni. Adhuhuri ilisemwa kwamba mwalimu ameikata sketi ya mtoto kwa sababu ni ndefu. Alasiri ikawa ameikata mbele ya wavulana. Watu walipotoka kuswali Isha, mwalimu alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba mayatima wa Kivinje waache kuja shuleni wamevaa kama wanakwenda chuoni kusoma Kurani.

Nusaiba alimweleza mama yake ukweli, na Bi Maimuna akawaeleza wanawake waliokuja kumtazama. Lakini neno la kizuka haliendi mbali. Huishia kizingitini kama mwenyewe.

Mwalimu Justa naye alikuwa ameingiwa na hofu. Hakutaka kumwona tena mtoto chini ya baiskeli. Akatoa amri kwamba kuanzia sasa sketi ziishie shibiri moja chini ya goti, basi. Hapo moto ukapata upepo, na ukaitishwa mkutano wa wazazi. Bi Maimuna hakuweza kwenda. Alikwenda shemeji yake Idd, mdogo wa marehemu, mchuuzi wa pweza wakavu, mtu mwema anayependa kusikika.

Habari za mkutano alizileta Bi Kudra. Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane wa siku nyingi, na mwalimu wa Kurani wa wanawake wa mtaa. Aliingia ua wa nyuma akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akavua kandambili na kujikanda vidole.

"Mwenzangu," alisema, "mimi nimekwenda kuhiji, lakini jua la leo pale shuleni sijapata kuliona."

"Wamekubaliana?"

"Nani? Wamebishana shibiri. Mwalimu kasema shibiri moja chini ya goti, kasimama Mzee Shaaban kauliza, shibiri ya nani? Mkutano mzima kimya. Kanyoosha mkono wake ule, si unaujua? Kasema, maana yangu mimi nikiiweka kwenye goti la mtoto inafika kisiginoni, na mimi hiyo naikubali."

Bi Maimuna alicheka kidogo, kicheko kilichotokea puani. Tangu mazishi hakuwa amecheka.

"Ikapimwa ya mwalimu, wakasema fupi. Ikapimwa ya mwenyekiti wa bodi, mama mmoja kasema huyo ana vidole vya kike. Wamepimana mikono mpaka jua likapinda. Kuhusu watoto hakuna aliyesema."

"Na shemeji?"

Bi Kudra aliacha kukanda vidole. "Shemeji yako kasimama mwisho."

"Kasema nini?"

"Kasema yeye ndiye mwenye mtoto aliyevunjiwa heshima. Kasema mkasi wa mwalimu haukukata sketi, umekata uso wa ukoo wao. Na kwamba mtoto wa kaka yake hakanyagi tena pale mpaka amri ifutwe. Wakampigia makofi, Maimuna. Wamempigia makofi mpaka mwalimu kainamisha kichwa."

Bi Maimuna alitazama beseni. Povu lilikuwa limekufa na maji yamekuwa ya kijivu. Jumatatu Nusaiba alitakiwa kuanza mtihani wa majaribio, ule unaotangulia wa taifa. Bashiru kabla hajakata kauli alimshika mkono akasema maneno machache tu, na moja lilikuwa hilo la mtoto amalize.

"Anajua kwamba mwalimu alikuwa anamnasua mtoto," alisema. "Nilimwambia mwenyewe, siku ile ile."

"Anajua. Lakini makofi ni matamu."

Idd alikuja jioni. Aliketi kwenye mkeka ukumbini, na Bi Maimuna akaketi chumbani kwake nyuma ya pazia, maana shemeji si maharimu. Hivyo ndivyo walivyozungumza tangu msiba, naye alikuwa amezoea kumjua Idd kwa kikohozi na kwa mlio wa tasbihi yake.

"Asalaam aleikum, shemeji. Umeshindaje humo?"

"Waaleikum salaam. Tunamshukuru Mungu. Nimesikia ya mkutano."

Tasbihi ililia haraka haraka. "Nimewaambia. Wasione kaka hayupo wakadhani nyumba haina mtu."

"Ahsante kwa hilo. Sasa, Jumatatu mtoto ana mtihani."

"Jumatatu mtoto atakaa na mama yake. Wataifuta tu amri. Wiki moja hawamalizi."

"Na wakimaliza miezi?"

"Shemeji, hivi wewe unataka mwanao akae miguu nje?"

Bi Maimuna aliisubiri hasira ipite. Alikuwa amejifunza zamani kwamba hasira ni mgeni, usipomwandalia kiti huondoka. "Mimi sketi naitaka ndefu," alisema. "Unanijua. Lakini mtihani nautaka pia. Nenda kawaambie tumemrudisha, hayo ya shibiri mtaendelea nayo na yeye yuko darasani."

"Niende? Nimesema mbele ya watu wote wale, leo nirudi niseme nimebadili? Mwanamume hali matapishi yake."

"Ni maneno, shemeji, si matapishi. Maneno hurudishwa."

"Wewe umo ndani," Idd alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya mtu aliyebanwa. "Mimi ndiye ninayepita sokoni."

Alipoondoka, Nusaiba alitoka jikoni akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Alikuwa amesikia yote. Nyumba ilikuwa na ukuta mmoja tu kati ya jiko na ukumbi.

"Baba mdogo kanichoresha mji mzima," alisema. "Hata muuza maandazi leo kaniuliza, wewe ndiye wa sketi? Mama, mimi nitavaa yoyote. Wakitaka ya gunia nitavaa ya gunia. Mimi nataka tu kukaa kwenye dawati."

"Usimseme baba yako mdogo."

"Simsemi. Nimechoka tu."

Bi Maimuna alimtazama. Mtoto wa umri ule kusema amechoka, na kuonekana kweli amechoka, kilikuwa kitu kibaya kukiona.

Kesho yake Mwalimu Justa alikuja kutoa pole. Alikuwa Mmakonde, Mkristo, mama wa makamo aliyehamishiwa Kilwa mwaka huo, na hakuwa na mazoea na nyumba za Kivinje. Alivua viatu mlangoni, akajitanda kanga kichwani, na alipoingia akasimama katikati ya chumba asijue akae wapi.

"Karibu mkekani, mwalimu. Hapa hapa karibu nami."

"Pole na msiba, Mama Nusaiba. Nilipaswa kuja mapema. Niliogopa kwamba sijui desturi."

"Kuja ndiyo desturi. Mengine ni ya kwetu."

Waliketi. Wafiwa hawabishani na aliyekuja kuwapa pole, wala mgeni hapandishi sauti kwenye nyumba ya eda, kwa hiyo yale yaliyopigiwa kelele chini ya jua siku moja kabla, wao waliyasema kama watu wanaomlaza mtoto.

"Nilimkata sketi mwanao," mwalimu alisema. "Nilikuwa naona damu. Sikuwa naona sketi."

"Najua. Aliniambia. Kitenge chako kipo, nimekifua."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Nilikotoka, huko juu Rondo, wazee walinijia wakilalamika sketi ndefu. Wakasema zinaficha mimba. Nikazipunguza. Hapa naambiwa fupi zinaleta mimba. Miaka yote hii ya ualimu, mama, sijapata kuona sketi iliyopata mimba."

Bi Maimuna alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. "Mwalimu, nisikufiche. Mimi naipenda ndefu."

"Najua."

"Si kwa ajili ya watu. Nilifundishwa hivyo, na namwomba Mungu anijalie nife hivyo. Lakini mtoto nampenda asome. Sasa mambo haya mawili yamewekwa kwenye mizani kana kwamba moja likipanda lingine lazima lishuke."

"Nikwambie ukweli. Kwa sketi siwezi kumfukuza. Hata aje na ile ile ndefu, nitampokea mpaka bodi ikae tena. Tatizo langu ni shemeji yako. Kasimama mbele ya bodi kasema anamtoa mtoto. Nikimpokea hivi hivi, kesho watasema nimemtorosha mtoto kwao. Tayari mimi ni yule wa mkasi." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Aje mtu mzima wa familia, aseme tu, tumemrudisha. Neno moja. Lakini iwe Jumatatu kabla ya kengele, maana mtihani ukishaanza simruhusu mtu kuingia, awe nani."

Bi Maimuna alimrudishia kitenge chake, kimekunjwa vizuri, na mwalimu akaondoka amekikumbatia kifuani.

Ukoo wa Bashiru ulikuwa umebakiwa na mtu mzima mmoja tu wa kiume, naye ni Idd. Bi Kudra alijitolea kwenda yeye, lakini Bi Maimuna akamwambia, "Watakuuliza wewe ni nani wa mtoto, utasema jirani, watacheka." Wakakaa wakichambua mchele. Mwisho Bi Maimuna akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo, "Kizuka akiwa na haja na hana wa kumtimizia?"

"Hutoka," Bi Kudra alisema. "Mchana, kwa haja yake, na usiku alale kwake. Hiyo imo, na walimu wetu wameisoma hivyo."

"Basi."

"Lakini Maimuna, watu hawasomi kitabu. Wanasoma mlango. Wakikuona nje watasema umeirusha eda ya mumeo, na maneno hayo yatakaa muda mrefu kuliko eda yenyewe."

"Najua."

Bi Kudra aliokota punje ya jiwe akaitupa. "Sikukatazi," alisema.

Jumapili jioni akamwita Idd tena. Alikuja, akakohoa, akakaa. Tasbihi haikulia, ina maana aliishika tu.

"Shemeji," Bi Maimuna alisema nyuma ya pazia, "nakuomba kwa mara ya mwisho. Kesho mpeleke mtoto, useme neno moja."

"Tumeshazungumza."

"Basi nitampeleka mimi."

Nje kuku walikuwa wanapanda kulala.

"Wewe umo edani," Idd alisema.

"Eda yangu ina ruhusa ya haja isiyo na mtu. Nami nimetafuta mtu nimekosa."

"Unajua watu watasema nini?"

"Kunihusu mimi najua. Kukuhusu wewe, watasema Bashiru alizikwa pamoja na mdogo wake."

Bi Maimuna alimsikia akiinuka, akasikia pia magoti yake yakilia, maana Idd naye hakuwa kijana. Alisikia kandambili zikipigapiga mpaka barabarani. Bi Maimuna alibaki ameketi, mikono mapajani. Hakujisikia mshindi. Alikuwa amesema neno kali kwa mtu ambaye siku ya mazishi alishuka kaburini mwenyewe kumpokea kaka yake, na alijua kwamba neno lile lilikuwa la kweli na bado lilikuwa kali.

Baada ya swala ya alfajiri alikoga, akavaa baibui lake la zamani lililopauka, bila wanja, bila marashi, akashusha ushungi mpaka kwenye nyusi. Nusaiba alikuwa amevaa ile ile sketi ndefu. Mpasuo mama yake alikuwa ameushona kwa mkono, mishono midogo, na doa bado lilionekana. Baiskeli haikuwepo. Idd aliichukua siku ya ajali akisema ataipeleka kwa fundi. Wangekwenda kwa miguu, mtoto akichechemea, na ndiyo sababu ya kutoka mapema.

Mlangoni Bi Maimuna alisimama. Kizingiti kilikuwa cha mti wa zamani, kimelika katikati. Alisema Bismillahi, akakivuka.

Hakuwa amejua kwamba nje kutakuwa kweupe hivyo. Wanawake waliokuwa wakifagia mbele za nyumba zao walishika fagio bila kufagia. Mmoja alitaka kumwamkia, akasita, kisha akainamisha macho kana kwamba amemkuta mtu bafuni. Bi Maimuna alikuwa amefunikwa toka utosini hadi vidole vya miguu, hapakuwa na cha kuonekana ila uso na viganja, na bado alijihisi kama aliyevuliwa nguo njiani. Akafikiri, maskini wee, na haya yote ni kwa sababu ya nguo ndefu. Akamshika mwanawe mkono, na hakujua ni nani anayemwegemea mwenzake.

Kwenye baraza la kahawa karibu na soko wazee walikuwa wameshakaa, Mzee Shaaban katikati yao, kikombe kimepotea ndani ya mkono wake. Mazungumzo yalikatika. Bi Maimuna alipita akitazama ardhi, na akayasikia nyuma yake, maana waliodhani wananong'ona walikuwa na masikio mazito.

"Yule si kizuka wa Bashiru?"

"Ndiye."

"Anakwenda wapi?"

"Si unamwona mtoto na sare? Anampeleka shule."

"Kwani Idd kasafiri? Kaenda Songo Songo?"

"Yupo. Jana kanywa kahawa hapa hapa."

"Aa," alisema yule wa kwanza. Kisha, baada ya muda, "Basi."

Hawakuwa wamefika mbali. Nyuma yao kulisikika baiskeli ikikokotwa, gurudumu moja likilia, na mtu anayehema. Idd aliwapita kidogo akasimama mbele yao, macho yake kwenye usukani. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Ilikuwa baiskeli ya Bashiru. Cheni yote, toka mbele hadi nyuma, ilikuwa imefunikwa kwa plastiki ya manjano iliyokatwa kwenye dumu la mafuta ya kupikia, imefungwa kwa waya, huku waya ukiwa umekunjwa ncha kwa koleo ili usimchome mtu. Haikuwa kazi nzuri, lakini ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa nayo.

"Nimeiziba," Idd aliliambia gurudumu. "Kitambaa hakiingii. Nimejaribu kwa kikoi changu."

"Ahsante, baba mdogo," Nusaiba alisema.

"Shemeji, rudi ndani. Nitampeleka."

Bi Maimuna hakurudi. Alichoka, jua lilikuwa bado halijapanda na tayari alikuwa amechoka, na alitamani mno kusema haya na kugeuka. "Utasema nini huko?" aliuliza.

"Nitasema tumemrudisha."

"Na la mkasi?"

Idd aliminya breki, akaiachia. "Nalo pia?"

"Yule mwanamke alipiga magoti kwenye vumbi kumtoa mwanetu. Leo mji mzima unamwita mvunja heshima. Ulijua, ukasema lile ulilosema. Sketi nitaishona mimi, shemeji, lakini hilo siwezi kulishona."

"Nitamwambia nikifika."

"Kumwambia yeye ni vizuri. Lakini yeye anajua." Bi Maimuna aligeuza uso kidogo sana kuelekea barazani. "Wasiojua ni hao."

Idd alisimama pale. Alikuwa mtu mpana, lakini wakati ule alionekana kama nguo zake ni za kaka yake. Mwisho akamkabidhi Nusaiba usukani, akarudi hatua zile chache hadi kwenye baraza la kahawa. Hakukaa.

"Jamani, sabalkheri."

"Sabalkheri, Idd. Karibu kikombe."

"Sikai. Nilitaka kusema, ile sketi ya mtoto, mwalimu aliikata kumnasua. Mtoto alikuwa amenaswa na cheni, anatoka damu. Hakuwa na neno na urefu wake. Siku ile."

"Mbona sisi tulisikia," mmoja alianza.

"Mlisikia kwangu," Idd alisema.

Hakuna aliyecheka. Mzee Shaaban aliweka kikombe chini, akautazama mkono wake, mbele na nyuma, kama aliyesahau aliuleta pale kwa kazi gani. "Haya," alisema. "Wahi basi, mtoto asichelewe."

Idd alirudi bila kumtazama Bi Maimuna. Akampakia Nusaiba kwenye kiti cha nyuma, akaanza kusukuma. Mtoto alikusanya upindo wa sketi, akaushikilia mapajani kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukashika shati la baba yake mdogo. Bi Maimuna aliwatazama mpaka kona. Kisha akageuka, akarudi njia ile ile, mbele ya fagio zile zile, akavuka kizingiti chake, akafunga mlango na kuuegemea.

Siku hiyo nzima wanawake walikuja. Wengine walileta unga na sukari na wakakaa kwa wema. Wengine walikuja na swali lao moja, kila mmoja kwa njia yake, kama eda imevunjika, kama itabidi aianze upya. Bi Kudra alikaa mlangoni na kuwajibu wote, haijavunjika, haijavunjika, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Wengine waliitikia. Wengine waliitikia tu kwa mdomo, na Bi Maimuna aliwajua. Bodi ya shule ilikuwa ikae tena mwisho wa mwezi kubishania shibiri, na mwingine akasema kaulizwa Sheikh, na mwingine kwamba kuna mtu wa wilayani atakuja. Bi Maimuna alisikiliza akiwa amefumba macho.

Nusaiba alirudi alasiri. Idd alimwacha mlangoni, akakohoa ukumbini ili ijulikane kwamba amefika, akaondoka bila kukaa. Bi Maimuna hakumzuia siku hiyo. Siku nyingine angekaa.

"Vipi mtihani?"

"Mgumu."

"Uliufanya?"

"Niliufanya."

"Alhamdulillahi. Panda hapo juu ya kigoda."

Mtoto alipanda, sketi ikashuka kumzunguka. Bi Maimuna alijikunja chini, pini za nguo kati ya midomo, akaanza kuukunja upindo juu ya kifundo, kidogo, akaupima kwa jicho, akaukunja tena kidogo. Ilipofika mahali ambapo doa la girisi lilizama ndani ya mkunjo lisionekane, na mguu wa mtoto ukabaki na sitara yake, alisimamisha mkono.

"Hapo ni shibiri ngapi, mama?"

"Simama wima," alisema kupitia pini. "Usinichekeshe, nitakuchoma."